Jumatatu za 2022: fomu 34A, majoka, na fundi aliyenyimwa kahawa

MwenyeFlashi

Wadau salaam. Leo duka halina watu, stima imeenda imerudi mara tatu, basi nimekaa nafikiria kitu nimekuwa nacho rohoni miaka mitatu sasa. Mwaukumbuka uchaguzi wa 2022? Siasa zake mwazijua, sizirudii. Nataka kujua nyinyi mliziishi vipi zile wiki, nyumbani, kazini, kwa majirani. Maana mimi nina kiduka cha muvi huku Kisauni, mtu aja na flashi yake namwekea sirizi, episodi bob ishirini, ukichukua msimu mzima twasikizana. Pia natoa printi. Sasa zile wiki kulikuwa na foleni mbili dukani, moja ya watu wa majoka, ile sirizi ya House of the Dragon, moja ya watu wa fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, na kufika Septemba zishachanganyika siwezi kujua nani ataka nini mpaka afungue mdomo.

Nianze na fomu. IEBC, tume ya uchaguzi, iliziweka zote kwenye tovuti yake, vituo 46,229, mwananchi yeyote aingie ajionee. Runinga nazo zikawa zajumlisha kila moja kivyake, ukiweka hii Raila yuko mbele, ukibadilisha Ruto yuko mbele, halafu ghafla hesabu zikaganda, zote. Hapo ndo watu wakaanza kunijia. "Kijana, hebu nitolee ya kituo changu." Bob kumi karatasi. Waishika hivi kwa ncha za vidole kama cheti cha mtoto, mhuri uko wapi, ajenti wetu ametia sahihi ama hakutia, mbona hii saba ina mkia kama ya mwalimu wa nasari. Mama mmoja alisimama kwa mlango akahesabu kura za kituo chake mara tatu kwa sauti, zikatoka sawa mara zote tatu, akakasirika.

Sasa nje ya duka langu wako watu wawili. Mzee wa kahawa, na dele lake na vile vikombe vidogo, na fundi cherehani. Ni marafiki tangu sijazaliwa. Fundi haanzi kushona kabla ya kikombe cha kwanza na kashata. Lakini mzee ni Azimio, upande wa Raila, wa kufa na kuzikana, na fundi alikuwa mtu wa wilbaro, alama ya chama cha Ruto, kofia ya manjano kichwani kila siku, na kuvaa kofia ya manjano mtaa huu mwaka ule ulikuwa umejitolea kweli.

Jumatatu ya tarehe 15 Agosti tulikuwa tumebanana mbele ya TV yangu. Bomas, kule matokeo yajumlishwako, kwaya yaimba, yamaliza, yaimba tena. Makamishna wanne wa tume wako hoteli ya Serena wasema haya matokeo hatuyajui, kule Bomas watu wavutana jukwaani, mwisho mwenyekiti wa tume Chebukati akatoka akasoma: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti 233,211. Fundi alipiga mluzi mmoja tu. Mmoja! Mzee akasimama, akamwaga kahawa yote iliyobaki kwenye mtaro, akaenda zake. Asubuhi yake akapita na dele mbele ya cherehani kama hakuna mtu pale.

Wiki nzima hawasalimiani. Mimi niko katikati nauza flashi.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 22, yakaja mawili kwa siku moja. Alfajiri House of the Dragon ikaanza. Na siku hiyo hiyo Raila na mgombea mwenza wake Karua wakapeleka kesi yao Mahakama ya Juu, pale Milimani, makaratasi ya kujaza lori. Mimi nishaishusha ile episodi, nimeiweka kwenye TV ya duka kuvuta wateja. Na yaanza na nini? Uchaguzi! Mfalme amezeeka hana mrithi, mabwana zaidi ya elfu moja waitwa Harrenhal, madai 14 ya kiti yasikizwa lakini ya maana ni mawili, kama vile sisi tulikuwa na wagombea wanne na kila mtu ajua ni wawili. Kuna Rhaenys, kuna binamu yake Viserys. Mabwana wakamchagua Viserys, mwanamume.

Mzee amesimama nje na dele, asema polepole: "Hapo wameiba."

Fundi, hata macho hajainua kwenye sindano: "Wameiba nini na kura zimehesabiwa?"

Hayo ndo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu tarehe 15. Nikaongeza sauti ya TV nikajifanya sijasikia.

Mwisho wa episodi mfalme amtangaza bintiye Rhaenyra kuwa mrithi, mabwana wapiga magoti waapa. Mzee afurahi, asema waona, mfalme akishamtaja wa kumrithi, kama rais Uhuru alivyomtaja Raila, mambo yamekwisha, wewe ni nani ukatae? Fundi naye asema la, hapo jambo ni kiapo, watu waliapa, na 2013 si Uhuru alituambia miaka yangu kumi na ya Ruto kumi, nani aliyekivunja? Basi wote wawili wakawa timu Rhaenyra, kila mmoja kwa sababu ya kumpinga mwenzake. Nilicheka mpaka nikakosea nikamfutia mteja flashi.

Nyinyi je?

msee_wa_Umoja

Buda umenikumbusha mbali. Kwetu ofisini HR ilituma memo, hakuna siasa kazini, ukishikwa unaandikiwa warning. Sasa tukawa tunaongea kwa majoka. Lunch mtu anauliza "vipi, mabwana wa North wameapa ama bado?" na kila mtu anajua anaulizia nani amehama Azimio ameingia Kenya Kwanza ya Ruto wiki hiyo, maana walikuwa wanahama kila siku maze, unalala gavana wako ni wa bluu unaamka ni wa manjano. Bosi mwenyewe hakuwa ameona sirizi, alidhani tumekuwa wapole. Siku moja akatupongeza kwa mkutano ati vile tumeonyesha ukomavu 😂😂

Lakini pia tuseme ukweli, mtaa ulikuwa kimya ya kuogopesha. Watu walikuwa wameenda ocha na watoto, ploti yetu ya nyumba kumi na sita tulibaki watu watatu. Mimi nilikuwa nimebeba unga ile ya mia, mnakumbuka ile ya serikali, paketi ya kilo mbili ilikuwa imepita mia mbili Julai wakaishusha mia moja, unapata supamaketi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu unaambiwa moja kwa mtu mmoja. Nikakaa ndani na unga na laptopu. Mama watoto ananipigia kutoka Bungoma usiku ananiuliza kuko aje huko, namwambia kuko sawa, na nyuma joka linachoma watu anasikia mayowe. Akaanza kulia. Ilibidi nimpigie video nimuonyeshe skrini.

Mlosi_Tegeta

Hahaha jamani Wakenya. Mimi ni Mbongo na niwaambie tu, uchaguzi wenu tuliufuatilia kuliko wa kwetu. Kijiweni kwetu Tegeta ile siku ya Bomas bando za watu wanne ziliisha, tukabaki na simu moja tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Kila mtu na mgombea wake, kuna jamaa alikuwa anamshabikia Wajackoyah kwa sababu ya yale mambo ya nyoka na bangi, alipoambiwa kapata asilimia 0.44 akasema kaibiwa.

Kilichonishangaza mimi sio matokeo, ni ile ya kwenda mahakamani. Aisee. Kwetu Katiba ibara ya 41 imesema Rais akishatangazwa na Tume basi, hakuna mahakama itakayochunguza. Kwa hiyo tulikuwa tunatazama zile siku za kesi kama tunatazama hiyohiyo sirizi, majaji saba na majoho yao, mawakili wanaongea kwa dakika wanakatwa. Mzee wangu aliuliza "hivi wakisema haukuwa halali inakuwaje?" nikamwambia baba wenzetu 2017 walishafuta, tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu Maraga, wakarudia Oktoba. Akanyamaza kidogo akasema haya, weka hayo majoka yako basi.

Na hesabu za wale makamishna wanne wa Serena mbona hamzitaji? 😂 Asilimia za wagombea ukizijumlisha zimezidi mia kwa 0.01, wakasema hiyo ni kura laki moja na arobaini na mbili elfu. Kijiweni tulikuwa na muuza genge hajamaliza darasa la saba, alipiga kwa kikokotoo cha simu yake ya batani akasema mbona mimi napata elfu moja na mia nne na kitu?

kamatia_chini

wadau wekeni onyo la spoila basi wengine hatujaangalia

MwenyeFlashi

@kamatia_chini miaka mitatu ndugu yangu? Njoo dukani nikuwekee bure nisilaumiwe.

DohaHadiNyumbani

Mimi nilipiga kura huku huku Doha, maana Qatar iliwekwa kwenye zile nchi za diaspora mwaka ule. Ya rais peke yake, gavana na hao wengine hatupigi. Niliomba ruhusa kazini nikakatwa nusu siku lakini nilienda.

Chumba chetu tulikuwa wanawake sita, vitanda vya ghorofa, Mkisii mmoja, Mkikuyu mmoja, Waluo wawili, mimi mtu wa Kilifi na mmoja Mkamba. Wiki ya matokeo hatukulala. Saa za Qatar na Kenya ni zile zile kwa hiyo hatukuwa na kisingizio, kila linalotokea latukuta macho. Alipotangazwa, dada wa kitanda cha juu akashuka akapiga magoti akaomba kwa sauti kubwa ya shukrani, na wa kitanda cha chini amejifunika shuka hadi kichwani. Hakuna aliyetukana. Lakini kesho yake sufuria zikagawanywa. Tulikuwa twapika pamoja miezi minane, mara sufuria hii yangu, mwiko huu wangu, chumvi hii nimenunua mimi. Jikoni tukawa sita wenye viberiti sita.

Majoka ndo yalitukalisha pamoja tena sitasema uongo. Kulikuwa na laptopu moja tu na intaneti ya kampuni, aliyekuwa nayo ni yule wa shuka. Jumatatu ya kwanza akaiweka kitandani kwake peke yake na vile vidude vya masikio. Jumatatu ya pili, dada wa kushukuru akasimama pembeni anachungulia kama anatafuta kandambili zake. Yule akamtazama, akatoa kidude kimoja cha sikio akampa. Hakuna mtu aliomba msamaha. Jumatatu ya tatu tulikuwa sita kwenye kitanda kimoja, kikavunjika mbao, msimamizi akatuandikia.

Mwananchi_Mchovu

Samahani nitaharibu hadithi. Nasoma hapa naona watu wanacheka majoka na fomu, sawa, lakini kuna afisa wa IEBC wa Embakasi East alipotea akiwa kazini wiki ile ile ya kuhesabu, akapatikana amekufa kule Loitokitok. Tarehe 15 hiyo hiyo mnayosema kwaya inaimba. Alikuwa na familia. Hiyo haikuwa sirizi. Nafikiri tunapenda sana kugeuza mambo yetu kuwa sinema ili tusiyaangalie, mtu anajua majina ya majoka yote na hajui jina la huyo baba.

MwenyeFlashi

@Mwananchi_Mchovu hujaharibu, na sina la kukujibu la kutosha. Habari ile ilisomwa dukani kwangu, TV ikazimwa, na mimi ndo niliyeizima. Ila kwamba twageuza sinema ili tusiangalie, hapo nakataa kidogo. Watu niliowaona mimi walikuwa wameangalia mpaka macho yamekuwa mekundu. Fundi na mzee hawakuwa na namna ya kusema "wewe umeniumiza" kwa mdomo wao, hawakulelewa hivyo. Walisema kupitia Rhaenyra.

msee_wa_Umoja

Ongeza ya mahakama bana usituache hapo

MwenyeFlashi

Nakuja. Kwanza niwape ya tarehe 29 maana wa bara mwaisahau. Sisi Mombasa hatukupiga kura ya gavana Agosti 9, karatasi zilikuja na picha zimechanganyika, ikaahirishwa sisi na Kakamega, mwisho ikawekwa Jumatatu ya 29. Yaani Jumatatu tena! Alfajiri episodi ya pili, asubuhi kituoni. Nilikuta foleni ya watu wanne, karani asinzia. Watu walikuwa wamechoka jamani, wino wa kwanza hata haujatoka vizuri kwenye kucha. Abdulswamad akamshinda Hassan Omar, mtaani zikapigwa honi za tuktuk nusu saa kukanyamaza.

Kesi sasa. Mzee alikuwa na imani kabisa. Alisema 2017 ilifutwa, itafutwa na hii. Fundi akasema haifutwi. Wakawekeana. Ikifutwa fundi amshonea mzee kanzu ya Maulidi bure, kitambaa juu yake. Isipofutwa mzee ampa kahawa bure mwezi mzima. Mimi ndo shahidi, niliandika kwenye daftari la madeni nikawatilisha sahihi, fundi akasema hii nayo tuiite 34A.

Septemba 5, Jumatatu. Asubuhi nimeweka episodi ya tatu. Daemon, nduguye mfalme, yuko vitani mwambao, amezidiwa, atoka peke yake na bendera nyeupe, amejisalimisha, wale maadui wasogea kuchukua upanga... basi akawageuka akawamaliza. Mzee akapiga paja lake, "Baba huyo! Hajashindwa huyo, ngoja saa sita!" Saa sita nikabadilisha chaneli. Jaji Mkuu Koome asoma hukumu. Hoja ya kwanza imekataliwa. Ya pili imekataliwa. Mzee bado amesimama, dele mkononi, makaa yazima taratibu. Walipofika pale majaji wasema madai mengine ni hewa moto tu, akakaa chini kwenye kile kigoda changu cha plastiki. Wote saba kwa sauti moja.

Fundi hakupiga mluzi safari hii. Aliinuka, akaivua ile kofia akaiweka kwenye meza ya cherehani, akaenda akashika dele akamimina vikombe viwili yeye mwenyewe, kimoja akampa mwenye nacho. Mzee akanywa. Akasema imepoa.

BintiWaFomFour

Mimi 2022 sikuwa na kitambulisho hata, kwa hivyo nilikuwa nawaona nyinyi wakubwa mnavyoacha kusalimiana kanisani nikasema hawa ni wagonjwa. Lakini msimu wa pili wa hiyo sirizi ulirudi Jumatatu ya Juni 17 2024 na mnajua hiyo wiki ilikuwa gani. Niliona episodi ya kwanza, Jumanne tukawa tauni tunaandamana kwa mambo ya Finance Bill, ule mswada wa kodi. Episodi ya pili sikuwahi kuimaliza. Tarehe 25 ikafika, waandamanaji wakapigwa risasi pale Bunge. Tangu siku hiyo sijaifungua tena, si kwa ubaya, nikiona tu ule moshi wa mwanzo kifua kinabana. Flashi bado iko nayo.

Mlosi_Tegeta

Pole sana mdogo wangu.

kamatia_chini

Kwani fundi alilipwa hiyo kahawa ama tunasubiri msimu wa tatu?

MwenyeFlashi

Alilipwa! Siku thelathini. Ila mzee alimtengenezea ya kwake kando, nyepesi, haina tangawizi, na kashata akamwambia haikuwa kwenye mkataba. Fundi akinywa akikunja uso, na asubuhi yake yuko pale tena.

Katikati ya mwezi huo Ruto akaapishwa Kasarani tarehe 13, kesho yake petroli Nairobi ikagonga 179.30, shilingi ishirini na kitu zimepanda kwa mkupuo mmoja. Boda aliyekuwa akimletea fundi vitambaa akaongeza nauli siku hiyo hiyo. Mzee hakusema neno, nilimtazama makusudi. Alimwekea tangawizi tu.

Halafu Oktoba ikaja ile episodi ya tisa, kama hujaona @kamatia_chini ziba macho. Wamtawaza Aegon, mdogo wake Rhaenyra, kwa haraka haraka, wananchi wamesukumwa ndani ya ule ukumbi na askari ili washangilie, hata hawajui washangilia nini, mara sakafu yapasuka, Rhaenys atoka chini na joka lake. Wakubwa wote wabaki wazima jukwaani. Waliokanyagwa ni wale wa chini. Dukani vijana wapiga kelele za furaha, joka joka! Mzee akaniambia rudisha nyuma. Nikarudisha. Rudisha tena. Nikamuuliza watafuta nini mzee wangu, akasema kuna mama pale alikuwa amebeba kikapu, nataka kuona kama ametoka. Fundi naye akasogea. Tukaiangalia mara nne hivi, vumbi limejaa, hatukumuona.

Kofia ya manjano bado iko. Afutia mafuta ya cherehani.

Juzi mzee akaja akaniuliza kama ile fomu ya kituo chake niliyomtolea bado ninayo, yake iliroweka mvua ya El Nino. Nikamwambia ngoja nitafute, nilidhani nishafuta zamani. Diski nzima nimeipekua jana usiku. Ipo, kwenye folda ya majoka, kati ya episodi ya pili na ya tatu. Nimemtolea, sikumchaji. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mhuri, akaniambia hii saba ni moja.